Maandishi ya Viziwi na Wanafunzi wa Kiingereza nchini Marekani

Historia ya teknolojia saidizi, yaani vifaa na mifumo inayomwezesha mtu mwenye ulemavu kufanya jambo ambalo vinginevyo lingemshinda, mara nyingi husimuliwa kana kwamba watumiaji wake walijulikana tangu mwanzo. Maandishi ya televisheni ya Marekani hayaingii katika simulizi hiyo, kwa kuwa yalibuniwa kwa ajili ya viziwi, kisha wakayakimbilia wahamiaji waliokuwa wakihangaika kujifunza Kiingereza.

Mwaka 1972 kituo cha WGBH cha Boston kilirusha kipindi cha mapishi cha Julia Child kikiwa na mazungumzo yaliyoandikwa chini ya picha, ambayo kila mtazamaji aliyaona, apende asipende. Kwa kuwa ilihofiwa kwamba wasio viziwi wangekerwa, ilitafutwa njia ya kuyaficha. Picha ya televisheni ya Marekani wakati huo iliundwa kwa mistari 525, ambayo mingine haikuonekana kwenye kioo. Mwaka 1976 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ikautenga mstari wa 21 ubebe maandishi hayo, nayo yakawa yanaonekana tu kwa mwenye king'amuzi, kifaa kilichounganishwa na televisheni ili kuyatoa mafichoni. Matangazo ya mfumo huo yalianza tarehe 16 Machi 1980, na ving'amuzi vikauzwa katika maduka ya Sears kwa bei ya karibu dola 250, ambazo wakati huo hazikuwa fedha kidogo. Mauzo yalikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Lakini miongoni mwa wanunuzi walikuwamo watu wenye masikio mazima kabisa, wahamiaji ambao shida yao haikuwa kuisikia sauti, bali kutambua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi katika usemi wa kasi.

Sheria ya mwaka 1990, iliyoagiza kwamba kuanzia Julai 1993 kila televisheni mpya yenye kioo cha inchi 13 au zaidi iwe na king'amuzi ndani yake, iliwataja wahamiaji hao waziwazi pamoja na viziwi. Kudai kwamba wao ndio walioileta sheria hiyo kungekuwa kuwapokonya viziwi matunda ya madai yao ya miaka mingi. Hata hivyo, kutajwa kwao kuliipanua hoja, kwani chombo kilichoonekana kuwa cha wachache kiligeuka kuwa cha faida kwa umma mpana.

Ushahidi wa darasani ulifuata, nao haukuwa mtamu wote. Mwaka 1992 Susan Neuman na Patricia Koskinen walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi 129 wa darasa la saba na la nane, ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao ya nyumbani, waliojifunza sayansi kwa njia mbalimbali, na wale waliotazama vipindi vyenye maandishi wakajua maneno mengi zaidi kuliko waliotazama bila maandishi au waliosoma kitabu peke yake. Lakini kadiri mwanafunzi alivyokuwa na Kiingereza kingi tangu awali ndivyo alivyovuna zaidi, kwa hiyo aliyekuwa nyuma kabisa, ambaye ndiye aliyehitaji msaada kuliko wote, alipata sehemu ndogo. Jambo hilo halishangazi, kwa kuwa maandishi humdai msomaji kasi ya kusoma ambayo anayeanza hana, tena kwa miaka mingi yaliandikwa kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu ving'amuzi vya awali havikuweza kuzichora vizuri herufi ndogo.

Google ilipoanza mwaka 2009 kuweka katika YouTube maandishi yanayotungwa na kompyuta yenyewe, bila mwandishi, gharama ilishuka na wingi wa maandishi ukaongezeka, lakini makosa nayo yakaingia kwa wingi. Mzawa wa lugha aonapo neno lililokosewa hulisahihisha kichwani na kuendelea, ilhali mwanafunzi wa Kiingereza, asiye na kipimo kingine cha kulipimia, hulihifadhi kama lilivyoandikwa.