Ubundu–Kisangani: Pumziko nalo ni sehemu ya safari

Kwa mutu anayetoka Kindu kwa mto, Ubundu ndiyo mwisho wa maji matulivu. Mbele yake yanaanza maporomoko saba ya Boyoma, na mashua za mizigo hazipiti pale. Mizigo inashushwa, halafu safari inaendelea kwa inchi kavu mpaka Lubunga, ngambo ya katikati ya Kisangani. Ndiyo sababu ilijengwa njia ya reli ya kilometa 125 hivi, iliyofunguliwa mwaka 1906, wakati Ubundu ikiitwa Ponthierville.

Treni ikikosekana, kuna wanaosukuma kinga, yaani baiskeli, zenye mafuta ya mawese, muchele ao makemba. Ni kazi ya siku kadhaa, katika matope na joto. Bei ya mzigo inahesabiwa vizuri, pumziko halihesabiwi. Hapo ndipo hasara inapoingia.

Mwili unaosukuma mzigo kwenye joto unapoteza maji na chumvi. Kichwa kuuma, kizunguzungu na mkojo wa rangi nzito ni alama kwamba mutu amekwisha kuchelewa kupumzika. Asiyelala vizuri naye anachelewa kushika freno: kwenye muteremko, kusinzia kidogo kunaweza kumwanga mafuta yote ao kuvunja mguu.

Kwa hiyo ni vizuri kusimama mapema, mbele ya kuchoka kabisa:
- pumziko fupi, mara kwa mara, chini ya kivuli;
- maji yaliyochemshwa, pamoja na chakula chenye chumvi kidogo;
- kila kituo, kuangalia freno, mipira na kamba;
- usiku, kulala kijijini, si kusukuma gizani;
- kisha kurudi, siku ya kukaa nyumbani mbele ya safari ingine.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inaweka mwisho wa saa 9 kwa siku na 45 kwa juma, pamoja na pumziko la lazima kila juma. Lakini inamulinda mwenye kuajiriwa. Anayesukuma mzigo wake mwenyewe hana patron wa kumwambia asimame. Ni yeye anapaswa kuihesabu siku ya pumziko kama anavyohesabu chakula cha njiani. Na mwenye mali anayemutuma mwengine asidai mzigo ufike leo leo. Malembe malembe, mzigo unafika, na mwenye kuusukuma pia.