Kipendachumvi si Sugu wa Chumvi

Katika mashamba ya chumvi ya Pemba, yale yaliyo nyuma ya mikoko, maji ya bahari huingizwa kisha jua huachiwa kazi. Yanapoingia huwa na chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Chumvi inapoanza kuganda, kiasi hicho kimekaribia mara kumi. Samaki hakai humo, lakini maji hayo si mafu. Popote duniani, maji makali namna hii hukaliwa na akea, viumbe vya seli moja, na vikizidi maji hugeuka mekundu. Jamaa za viumbe hivi ndizo hutia madoa mekundu kwenye samaki wa chumvi anayeharibika.

Tuviite nini? Mwenye haraka atasema "vijidudu sugu wa chumvi", kama tunavyosema malaria sugu. Mimi napendekeza kipendachumvi, wingi vipendachumvi. Sababu imo ndani ya vimeng'enya vyao.

Kimeng'enya ni neno lililokwishazoeleka madarasani, na asili yake ni mmeng'enyo wa chakula. Jina limetoka tumboni, nalo ni jembamba kuliko kazi yenyewe, maana vimeng'enya vingi havisagi chochote bali huunda. Hata hivyo neno limekwishakaa, tuliache. Kimeng'enya karibu kila mara ni protini: mnyororo wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo maalumu, na umbo likipotea, kazi nayo imepotea. Ute wa yai ukishachemka haurudi kuwa ute, kwa sababu protini zake zimekunjuka na kushikana ovyo. Uwezo wa kubaki na umbo ndio ninaouita uthabiti.

Protini ya kawaida ikitiwa kwenye chumvi nyingi hupokonywa maji, ikagandamana na wenzake. Kipendachumvi hakizuii chumvi mlangoni; hujaza seli yake kloridi ya potasiamu, na vimeng'enya hufanya kazi humo humo. Sura ya nje ya vimeng'enya hivyo imejaa asidi ya aspatiki na ya glutamiki, zenye chaji hasi, huku laisini yenye chaji chanya ikiwa haba. Chaji hizo hasi hushika maji na ioni za chumvi, na kimeng'enya hubaki kimeyeyuka, hakigandi.

Sasa punguza chumvi. Chaji hasi zinabaki hazina wa kuzituliza, zinasukumana, umbo linafunguka. Kimeng'enya kimoja kilichochunguzwa sana, cha Haloarcula marismortui wa Bahari ya Chumvi, huanza kupoteza umbo chumvi ya kawaida ikishuka chini ya gramu 117 hivi kwa lita. Maji ya Mkondo wa Pemba, tunayoyaona makali, kwake ni mepesi mno. Sugu ni yule anayevumilia adha. Huyu adha yake ni maji matamu.

Magadi nayo yana wapenzi wake. Mwaka 1984 Natronobacterium gregoryi alitangazwa kutoka Ziwa Magadi, Kenya, naye hawezi kukua katika maji yasiyo na ukali wa magadi. Kipendamagadi, basi, neno magadi tunalo jikoni siku zote. Ila hapa pana tofauti: ndani ya seli ukali hupunguzwa, hivyo vimeng'enya vinavyotolewa nje ndivyo hukutana na magadi uso kwa uso. Ndivyo vinavyotafutwa na viwanda vya sabuni.

Kwa vipendajoto hoja yangu hulegea kidogo, nakiri. Kimeng'enya cha kunakili vinasaba cha Thermus aquaticus, bakteria ambaye Thomas Brock na Hudson Freeze walimtangaza mwaka 1969 kutoka chemchemi za Yellowstone, Marekani, huhimili nyuzi 95 za Selsiasi kwa dakika kadhaa. Kiini chake kimebanana, na chaji chanya na hasi zimeshikana pande nyingi. Baridi haikivunji, hukifanya kigumu na kizito cha kazi. Ndugu yake wa matumizi, kutoka Geobacillus stearothermophilus, hunakili vinasaba kwenye nyuzi 65 hivi bila kupanda na kushuka kwa joto. Kipimo cha namna hiyo kimejaribiwa Zanzibar kutafuta vimelea vya malaria kwa watu wasio na dalili, ambao vimelea vyao ni vichache mno kuonekana kwa urahisi kwenye darubini.

Kwa hiyo tugawe. Kinachohitaji chumvi ili kiishi ni kipendachumvi. Kinachoweza kuishi nayo au bila yake ni kistahimilichumvi. Neno sugu libaki kwa vimelea vinavyoshinda dawa. Ningewaomba Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) na walimu wa biolojia wa Pemba waliweke pendekezo hili mezani kabla "sugu" halijazoeleka vitabuni.