Ziwa Victoria: Kwa nini vipimo vya Jinja vinawahusu watu wa Mwanza na Kisumu

Kina cha maji ya Ziwa Victoria kimekuwa kikipimwa Jinja, Uganda, kwa miaka mingi. Tanzania ina takriban asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43 na Kenya 6. Lakini maji yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapo Jinja.

Tangu 1954 mlango huo una bwawa la umeme la Owen Falls, siku hizi Nalubaale. Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba bwawa liachie maji kama ambavyo mto ungetoa wenyewe: ziwa likijaa unaachia mengi, likishuka unapunguza. Misri ikaweka mhandisi wake palepale Jinja kuhesabu. Nchi nyingine za ziwa hazikuwa na mtu wao.

Hilo lilikuja kuuma. Kufikia 2006 maji yalikuwa yameshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80, na meli zikapata shida kufika gatini. Wengi walilaumu ukame. Kumbe ukame ulikuwa sehemu tu. Uchambuzi wa mwaka huo ulionyesha kuwa karibu nusu ya kushuka huko kulitokana na mabwawa ya Jinja, Nalubaale na Kiira, kuachia maji kupita kiwango cha makubaliano. Namba za maji yaliyoachiwa hazikuwa rahisi kupatikana, ila satelaiti zilikuwa zikipima ziwa kutoka angani tangu 1992. Ni vigumu kuificha satelaiti kitu.

Leo kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao Kisumu, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Mpango wa Bonde la Nile ulioanzishwa Dar es Salaam 1999. Kazi bado ngumu. Upepo peke yake unaweza kusukuma maji upande mmoja, kipimo kimoja kikadanganya. Halafu sehemu kubwa ya maji ya ziwa ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mahali ambapo ni vigumu kuweka kipima mvua.

Mei 2020 mambo yaligeuka: maji yalipanda hadi kuvuka kidogo rekodi ya 1964, na watu wa mwambao wakahama. Safari hii kilio kilikuwa Jinja iachie zaidi. Ila maji hayo yakitoka hupita Ziwa Kyoga hadi Sudan Kusini, ambako nako kulikuwa na mafuriko.