Kabla ya Kununua Mashine ya Kusaga Kioo

Nilipoacha chuo nilianza kuweka akiba ya mashine ya kusaga. Si ya unga. Ni ile ndogo ya mezani ya kulainisha kingo za vioo vya rangi, yenye kichwa cha almasi kinachozunguka kikilowa maji. Ya kwanza iwe ipi?

Historia ilinijibu. Karne ya 12, mtawa Theophilus aliandika jinsi ya kupasua kioo kwa chuma cha moto, kisha kumega kingo kidogo kidogo kwa chuma kingine. Kingo zilibaki na meno, lakini haikuwa neno: mikanda ya risasi iliyounganisha vipande iliyaficha. Mwishoni mwa karne ya 19, karakana ya Tiffany, New York, ilizungushia vipande utepe mwembamba wa shaba. Ndivyo Clara Driscoll na wanawake wenzake walivyounda vivuli vya taa vyenye mamia ya vipande. Utepe huo haufichi pengo.

Kwa hivyo usianze na bei. Jiulize utaunganisha kwa nini. Kama ni risasi, koleo inatosha kwa sasa. Kama ni shaba, chukua hata mashine ndogo, bora maji yafike kwenye kichwa kila wakati. Vumbi la kioo huingia kwa mapafu, na mapafu hayana spea.

Mimi? Nimenunua koleo. Akiba bado ipo.