Injini Iliyokatwa Nusu

Huko Old Warden, Uingereza, kuna ndege ya mbao yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, ambayo mafundi wa mkusanyiko wa Shuttleworth wanaitunza ili iendelee kuruka. Jina lake ni Miss Kenya. Ni ya aina ya DH.51, na kampuni ya de Havilland ilitengeneza tatu tu za aina hiyo. Hii ililetwa Kenya kwa John Carberry, ikaruka Nyeri Aprili 1926, kisha ikawa ndege ya kwanza kuandikishwa nchini humo. Wengi husimulia habari za wamiliki wake. Habari yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, imo puani mwake: injini ya silinda nane zilizopangwa kama herufi V, inayopozwa na hewa tu, bila tone la maji. Ukoo wa injini hiyo ulikwisha kupita kwetu, upande wa Pangani, miaka kumi kabla.

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Jenerali Smuts wa upande wa Uingereza lilishuka kando ya Mto Pangani na reli ya Usambara likiwafukuza Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Ndege zilizolitangulia kuchungulia njia zilikuwa BE2c za Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza. Mto huohuo unaingia baharini pale Pangani mjini, na ukivuka hadi Bweni ukaendelea kusini, unafika Mwera. Injini za BE2c ziliitwa RAF 1a. Zilibuniwa Farnborough kwa kufuata mfano wa Renault wa Ufaransa, zikatoa nguvu ya farasi 90 kwa uzito wa karibu kilo 200.

Kwa nini hewa na si maji? Injini ya maji hubeba rejeta, mabomba na maji yenyewe, na kila lita ya maji ni kilo moja ambayo ndege ndogo ingeweza kubeba petroli au barua. Bomba likivuja juu ya msitu, injini inaungua kabla rubani hajapata pa kutua. Injini ya hewa hutegemea mapezi, yaani vile vibati vyembamba vinavyoizunguka silinda, kama unavyoviona kwenye injini ya bodaboda yoyote iliyoegeshwa Mwera. Kila pezi linaongeza eneo la chuma linaloguswa na upepo, na upepo huletwa na propela pamoja na mwendo wa ndege yenyewe.

Usidhani ni kazi rahisi. Ndege inapopaa, injini inachoma petroli kwa nguvu zote huku mwendo ukiwa mdogo, hivyo joto ni jingi na upepo ni haba. Silinda zikipangwa kwa mstari, ya mbele hupata upepo mbichi na ya nyuma hupata uliokwisha kupashwa moto. Valvu ya kutolea moshi ndiyo inayoteseka kuliko vyote. Katika pwani yetu, ambako hewa yenyewe ina nyuzi 30 na zaidi, nafasi ya kukosea inazidi kupungua. Wabunifu walijibu kwa vichwa vya alumini, kwa kuwa alumini hupitisha joto haraka kuliko chuma cha kusubu, na kwa mabati yanayoulazimisha upepo upite katikati ya mapezi badala ya kukimbilia pembeni. Marubani nao walijifunza kuzidisha petroli kidogo wakati wa kupaa, maana petroli inapogeuka mvuke huchukua joto.

Vita vilipokwisha, Uingereza ilibaki na shehena kubwa ya injini zisizo na kazi. Kampuni iliyoitwa Airdisco ilizinunua, ikampa kijana Frank Halford kazi ya kuziboresha. Halford alichukua Renault ya farasi 80 akaifikisha 120, na hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye Miss Kenya. Awali DH.51 ilikusudiwa kutumia RAF 1a, lakini injini hiyo haikuwa na mfumo wa pili wa kuwasha moto kwenye silinda, na serikali ikadai majaribio ya ziada.

Geoffrey de Havilland alitaka kitu kidogo na cha bei nafuu zaidi. Basi Halford akaikata ile V katikati. Alichukua silinda nne za upande mmoja, akazitengenezea bodi mpya, na injini ya Cirrus ya farasi 60 ikazaliwa. Februari 22, 1925 ndege ya Moth iliruka nayo kwa mara ya kwanza. Naiona kuwa moja ya hatua za busara kabisa katika historia ya usafiri wa anga, kwa sababu silinda na pistoni zilikwisha kulipiwa na vita.

Shehena hiyo ya injini ilipoanza kupungua, Halford alibuni Gipsy mwaka 1927: farasi 98, kilo 130 hivi. Ili kuonyesha uimara wake, injini moja ilipigwa lakiri, ikaruka saa 600 bila kufunguliwa kwa ndani. Baadaye Gipsy iligeuzwa juu chini, silinda zikaning'inia, rubani akaona mbele vizuri na propela ikawa mbali na ardhi.

Injini hiyo ndiyo iliyofungua anga la pwani. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi akiwa na rubani Tom Campbell Black, mmoja wa waliowahi kuimiliki Miss Kenya, na walianza na Gipsy Moth. Kampuni ilifika hadi Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, na anayeruka kutoka Tanga kwenda Zanzibar hupita baharini mbele ya Pangani. Campbell Black alikwenda mbali zaidi: mwaka 1934, yeye na C. W. A. Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne kwa saa zipatazo 71, wakisukumwa na injini mbili za Gipsy Six zilizoongezwa nguvu. Mwanafunzi wake, Beryl Markham, alivuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa ndege ya Carberry yenye Gipsy Six. Alianguka Nova Scotia kwa sababu petroli haikufika kwenye injini. Injini yenyewe haikuwa na kosa.

Mwaka 1946 East African Airways ilipoanza kazi, ilianza na Dragon Rapide sita, kila moja ikiwa na injini mbili za ukoo wa Gipsy. Kisha Wamarekani wakatawala soko. Lycoming na Continental walizilaza silinda zao zikatazamana, injini ikawa bapa na kila silinda ikapata upepo wake. Michael Grzimek alihesabu wanyama wa Serengeti kwa Dornier yenye Lycoming ya aina hiyo hadi alipogongana na tumbusi na kufariki Januari 1959. Cessna 206 zilizowapeleka waganga vijijini kaskazini mwa Tanzania zilitumia Continental ya silinda sita.

Sasa Morogoro kuna kampuni ya Airplanes Africa inayounganisha ndege ndogo ya Skyleader 600 ya watu wawili, na injini yake ni Rotax 912 kutoka Austria. Hii inachanganya njia mbili: vichwa vya silinda hupozwa kwa maji, silinda zenyewe kwa hewa na mapezi. Inatoa hadi farasi 100 kwa uzito wa kilo 60 hivi, chini ya nusu ya Gipsy, kwa kuwa inazunguka mara 5,800 kwa dakika badala ya 2,100, na giya ndiyo inayopunguza kasi kabla ya propela. Pia inakubali petroli ya gari. Hilo ni jambo kubwa mahali ambapo petroli ya ndege ni ghali na haipatikani kwenye kila kiwanja.

Injini hizo bado zinaagizwa zikiwa kamili. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha mafundi wa ndege, na mafundi wetu wa mitaani hufungua injini za mapezi kila siku, hubadilisha pistoni na kusaga valvu. Natamani sana siku moja wanafunzi wa chuo hicho wapewe silinda nne, bodi tupu na muda wa kutosha, waanze pale alipoanzia Halford.