Guanyin na chai yake

Chai ya Tieguanyin asili yake ni Anxi, katika jimbo la Fujian, China. Kwa Kiingereza huitwa Mungu wa Kike wa Rehema wa Chuma, na hapo ndipo jina linapoharibika. Guanyin ni bodhisatva wa Wabudha. Jina lake humaanisha mwenye kuzitambua sauti, yaani vilio vya walimwengu. Usikivu huo, ambao ndio uzuri wote wa jina, umepotea. Jina la chai nyingine, Longjing, yaani Kisima cha Joka, halikupata tabu: kisima chenyewe kipo, karibu na mji wa Hangzhou. Lakini Guanyin ni jina la mheshimiwa anayeombwa hadi leo. Wafasiri, liacheni lilivyo, kisha mweleze maana yake kando.