Khane-tekani

Khane-tekani ni usafi mkuu wa nyumba ambao Wairani huufanya katika wiki za mwisho za majira ya baridi, kabla ya Nowruz, mwaka mpya unaoingia pale mchana na usiku vinapolingana, tarehe 20 au 21 Machi. Kwa Kiajemi jina hilo lina maana ya kuikung'uta nyumba, na ndivyo inavyofanywa: mazulia hukunjwa na kutolewa nje, mapazia hushushwa, makabati hutolewa kila kilichomo, vioo vya madirisha hupanguswa ndani na nje, kisha vitu hurudishwa mahali pake au hutupwa. Kazi huanza katikati ya mwezi wa Esfand, ambao ni wa mwisho katika kalenda ya jua ya Iran, wenye siku 29, au 30 kila unapofika mwaka mrefu. Desturi hii ipo pia Afghanistan na Tajikistan, na Wakurdi na Waazeri nao husafisha nyumba zao kwa ajili ya sikukuu hiyohiyo. UNESCO iliiweka Nowruz katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009, na kufagia, kufua na kupangusa ni sehemu ya sikukuu hiyo sawa na chakula chake.

Chanzo

Maelezo ya kidini ndiyo hutajwa kwanza. Katika dini ya Zarathustra, iliyoenea Uajemi kabla ya Uislamu, siku kumi za mwisho wa mwaka zilikuwa za fravashi, roho za waliotangulia, ambazo ziliaminika kurudi kuzitembelea nyumba za jamaa zao. Nyumba ilipaswa kuwa safi na yenye harufu nzuri ili wageni hao waridhike. Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyeandika kitabu chake kuhusu kalenda za mataifa karibu na mwaka 1000, aliwaeleza Waajemi wakiwaandalia wafu chakula na vinywaji, na wakizifukiza nyumba kwa mreteni. Ufukizaji haujakoma. Hadi leo mbegu kavu za mmea uitwao esfand hutupwa juu ya makaa, zikapasuka kwa mlio, na moshi wake ukazungushwa juu ya vichwa vya watu na pembeni mwa vyumba ili kuondoa kijicho. Msomaji wa pwani aliyezoea chetezo hatahitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo imani peke yake haielezi kwa nini kazi iwe nzito kiasi hicho. Jibu lililobaki limo katika baridi na namna watu walivyojikinga nayo. Katika nyanda za juu za Iran familia nzima ilipitisha majira ya baridi kuzunguka korsi: meza fupi iliyowekewa jiko la makaa chini yake na kufunikwa mfarishi mkubwa, watu wakikaa na hata kulala wamenyoosha miguu chini ya mfarishi huo. Korsi ilitandikwa karibu na usiku mrefu kuliko yote, mwishoni mwa Desemba, ikakaa miezi mitatu hivi. Muda wote huo milango na madirisha yalifungwa, majivu yakipeperuka, masizi yakiganda kwenye dari, na nguo nzito zikinyonya jasho na harufu ya moshi. Hita za mafuta ya taa zilipokuja zilipunguza majivu, lakini weusi ukabaki ukutani. Machi ilipoingia na jua kupata nguvu, siku ya kuondoa korsi ndiyo iliyokuwa siku ya kuona uchafu wa miezi yote mitatu kwa mara moja. Leo nyumba nyingi zinapashwa joto kwa gesi, na masizi hayo hayapo tena. Kazi inaendelea kwa ukali uleule.

Zulia

Kitu kinachoamua ukubwa na mpangilio wa kazi yote ni zulia. Nyumba ya Kiirani hukaliwa chini: watu huvua viatu mlangoni, na wengi hula, hulala na huzungumza juu ya zulia. Kwa hiyo haliwezi kupitiwa juujuu. Tena haliwezi kuachwa mwishoni, kwa sababu linahitaji siku kadhaa kukauka, na chumba hakipangwi kabla halijarudi. Mwenye nyumba anayejua kazi huhesabu siku kutoka kwenye zulia, na mambo mengine yote hufuata.

Zulia la mkono hufumwa kwa sufu iliyofungwa fundo moja moja juu ya mtande, ambao mara nyingi ni wa pamba. Kufuliwa kwake kunaanzia upande wa nyuma: linalazwa kifudifudi au kuning'inizwa, kisha linapigwa kwa fimbo mpaka mchanga ulioshuka kwenye mizizi ya mafundo uanguke. Mchanga huo ndio adui mkuu, kwa sababu kila hatua ya mguu huusugua dhidi ya nyuzi na kuzikata polepole. Baada ya hapo zulia hutandazwa uani au juu ya paa, likamwagiwa maji ya baridi au ya uvuguvugu, kwani maji ya moto huweza kuyeyusha rangi na kuufanya wekundu uingie kwenye weupe. Husuguliwa kwa sabuni na brashi, kufuata upande ambao sufu imelalia. Maji machafu hayakamuliwi kwa kusokota. Husukumwa nje kwa paru, ubao wenye mpini mrefu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mara nyingi, mpaka yanayotoka yawe meupe. Mwanzoni hutoka ya rangi ya kahawa, hata kwa familia inayofagia kila siku.

Kukausha kunataka uangalifu kuliko kufua. Sufu iliyolowa huvumilia, lakini mtande wa pamba ukikaa na unyevu huoza, na zulia lililooza kwa ndani hupasuka siku linapokunjwa. Ndiyo maana mazulia huonekana yakining'inia kwenye kuta za paa na vizuizi vya roshani siku nyingi za Esfand, na mvua ya ghafla humtoa kila mtu nje mbio. Jua lina faida nyingine: nondo hutaga mayai mahali penye giza, hasa chini ya makabati mazito ambako zulia halikanyagwi, na ni viwavi vyao vinavyokula sufu. Zulia likigeuzwa na kuanikwa mara moja kwa mwaka, mayai hayo hayapati nafasi. Mazulia ya akiba yalikunjwa pamoja na majani makavu ya tumbaku ili nondo wasikaribie.

Waliokaa karibu na maji walifulia huko. Mahali palipojulikana kuliko pote ni Cheshmeh-Ali, chemchemi ya mji wa Rey kusini mwa Tehran, ambako mwamba wa pembeni una sanamu ya mchongo ya Fath-Ali Shah, mfalme wa nasaba ya Qajar aliyetawala kuanzia 1797 hadi 1834. Kwa vizazi vingi watu walileta mazulia hapo, wakayafua kwenye maji yanayopita na kuyatandaza juu ya miamba. Mjini sasa kazi nyingi imehamia kwenye karakana. Gari huchukua zulia mlangoni, mashine hulizungusha kwa kasi mpaka maji yatoke, kisha hukaushwa kwenye chumba chenye joto. Katika Esfand karakana hizo huzidiwa, na anayechelewa kupiga simu huupokea mwaka mpya akiwa na sakafu tupu.

Usafi huu usichanganywe na ibada ya Qalishuyan ya Mashhad-e Ardehal, karibu na Kashan, ambapo zulia hufuliwa kwa maombolezo ya kidini. Ibada hiyo hufanyika wakati wa vuli, na UNESCO iliiorodhesha mwaka 2012.

Mafundi wa Esfand

Zamani msimu huu ulileta mafundi mitaani. Mpiga pamba alipita na upinde mkubwa begani. Mfarishi uliofumuliwa ulimwagwa uani, naye akaushika upinde juu ya rundo la pamba iliyogandamana na kuugonga uzi wake kwa nyundo ya mti. Mtetemo wa uzi ukazitenganisha nyuzi za pamba mpaka rundo likafura. Jioni pamba ileile ilirudishwa ndani ya kitambaa kilichofuliwa na kushonwa upya. Mtia bati naye alishughulikia sufuria za shaba, ambazo zikichakaa ndani huweza kutia sumu kwenye chakula. Mwanafunzi wake alisimama ndani ya sufuria yenye mchanga na kuizungusha kwa miguu, kiuno kikienda huku na huku, mpaka shaba ing'ae. Fundi akaipasha moto, akanyunyiza chumvi ya amonia, akaipaka bati kwa tambara. Vyungu vya udongo havikutengenezwa. Vilivyochakaa vilirushwa kutoka juu ya paa na kuvunjwa wakati wa Chaharshanbe Suri, usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho ya mwaka, ambapo watu huruka mioto.

Jasho la nani

Kwa siku zipatazo 13 za mwanzo wa mwaka jamaa hutembeleana, wadogo wakianza kwenda kwa wakubwa na wakubwa kurudisha ziara. Kila nyumba itaonwa na ukoo mzima, na macho hayo yanamwangukia mwanamke wa nyumba. Wanaume hubeba mazulia na kupanda ngazi; kazi nyingine karibu yote ni ya mama na mabinti, wengi wao wakiwa wametoka kazini. Sifa za usafi wa Nowruz zinazoacha kusema hivyo zimeacha nusu ya habari. Wenye uwezo huajiri, na mwajiriwa huyo pia kwa kawaida ni mwanamke. Mwongozaji Asghar Farhadi alimweka katikati ya filamu yake *Chaharshanbe Suri* ya mwaka 2006: Rouhi, msichana anayekaribia kuolewa, anatumwa kusafisha ghorofa moja mjini Tehran na kukuta ndoa ya wenye nyumba inavunjika.

Hatari zake ni za kweli pia. Watu husimama kwenye vizingiti vya madirisha ya ghorofa za juu ili kufikia kioo cha nje, na huanguka. Vyooni, dawa ya klorini, ile ambayo wengi Afrika Mashariki huiita jiki, huchanganywa na asidi ya haidrokloriki kwa kudhani nguvu mbili zitasafisha zaidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ukiichanganya jiki na amonia, hutoka gesi nyingine isiyo na huruma. Dawa hizi zitumike moja moja, madirisha yakiwa wazi, na maji mengi yapite katikati.

Nowruz na pwani ya Waswahili

Jina la sikukuu hii lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya bahari, likawa Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wa jua ambao mabaharia na wakulima waliufuata kuhesabu pepo na misimu. Mwaka huo ni wa siku 365 kamili, bila siku ya kuongezwa kila baada ya miaka minne, kwa hiyo Nairuzi ilizidi kurudi nyuma hadi ikaachana na Machi. Kalenda ya Shahenshahi ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zarathustra ambao baadhi yao waliishi Zanzibar, ilipotea njia kwa sababu hiyohiyo, na mwaka wake mpya sasa huangukia Agosti. Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha Nairuzi kwa sherehe ya Mwaka Kogwa mwezi Julai: watu huoga baharini, wanaume hupigana kwa vigomba, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Mwaka wa zamani unaondolewa kwa maji na moto kama Iran, lakini usafi wa nyumba haukubaki kwenye Nairuzi. Pwani hakuna masizi ya korsi ya kuondoa, na wakati wa kufua mapazia na kutoa vyombo nje ni kabla ya Ramadhani na kabla ya Idi, nyakati zinazofuata mwezi na kuzunguka mwaka mzima.